MWANA KUPONA: MGONJWA ALIYETUACHIA DAWA



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, kina dada na wazazi wetu, katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya Bi Khadija, Bi Aisha na Bi Fatma (R.A.). Hao ni mama zetu na hatutawaacha. Lakini Ramadhan hii nimeonelea tumtazame mama mmoja wa karibu na kwetu, aliyezaliwa hapa hapa Kenya na aliyezungumza Kiswahili. Na sababu ya kumchagua ni kisa kilichotokea nyumbani.

KISA CHENYEWE

Ramadhan moja, shangazi yangu hapa Kenol alianguka jikoni akitengeneza futari. Uji ulikuwa motoni na sambusa bado hazijakaangwa. Tulimkimbiza hospitali, na huko ndiko tulikojua kwamba alikuwa na vidonda vya tumbo kwa muda mrefu na daktari alishamkataza kufunga. Hakumwambia mumewe, hakumwambia mama yangu, hakumwambia mtu. Tulipomuuliza kwa nini, alisema aliona haya. Watu wangesemaje, mama mzima anakula mchana wa Ramadhan? Na isitoshe, nani angeshughulika na ugonjwa wake wakati nyumba nzima inamtegemea yeye?

Alhamdulillah, alipona. Lakini lile jibu lake halikunitoka. Usiku ule nikamkumbuka mwanamke ambaye ustadhi wetu wa madrasa, mtu wa Lamu, alikuwa akitusomea utendi wake siku za Jumamosi. Sisi watoto wa Mlima Kenya tulikuwa tunacheka tu. Nyumbani tunasema Kikuyu, Kiswahili tumekipata shuleni na chuoni, halafu anakuja mtu anaita nchi "nti"! Tulishika beti bila ya kushika maana. Kumbe maana yake ilikuwa inatungoja tukue.

NI NANI MWANA KUPONA?

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, katika kisiwa cha Pate kwenye visiwa vya Lamu. Kutoka huku kwetu ni safari ndefu: unateremka Nairobi, unashika njia ya Pwani mpaka Lamu, halafu unapanda chombo baharini. Wakati wake, katika karne ya 19, visiwa vile vilikuwa na miji yenye elimu na biashara.

Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji mwingine wa kisiwa hicho hicho. Siyu ulikuwa mji wa maulamaa na mafundi, na watu wake walisifika kwa kunakili misahafu kwa mkono. Bwana Mataka mwenyewe alijulikana kwa ukakamavu. Alikataa kumtii Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, na katika miaka ya 1840 jeshi la Sultani lilishindwa vibaya Siyu. Kwa hivyo Mwana Kupona hakuishi maisha ya raha mustarehe kama tunavyodhani tukisikia mke wa mtawala. Aliishi katika mji wenye vita.

Walijaaliwa watoto wawili, mwana wa kiume na binti, Mwana Hashima. Kisha Bwana Mataka akatangulia mbele ya haki, na Mwana Kupona akabaki mjane. Na juu ya ujane yakaja maradhi.

MWAKA MZIMA KITANDANI

Mwaka 1858, sawa na 1275 Hijria, Mwana Kupona alikuwa ameugua kwa mwaka mzima. Binti yake alikuwa kijana wa kama miaka 17, umri wa kuolewa kwa desturi ya wakati ule. Hebu jiweke mahali pake. Mume hayupo, mwili hauna nguvu, na mtoto wa kike anakaribia kuanza maisha yake bila ya mama wa kumwelekeza.

Mwingine angegeukia ukuta akalia. Yeye alimwita binti yake, akamwambia akae karibu na alete wino na karatasi. Hapo ndipo ulipoanza Utendi wa Mwana Kupona, wenye beti zipatazo 100.

Ndugu msomaji, tazama mwanzo wake. Kabla ya kutoa wasia wowote, anasema wazi kwamba ameshikwa na maradhi, na muda gani yamemshika. Hafichi. Haoni kwamba ugonjwa umempunguzia heshima. Pia tazama ule wino. Anamwambia binti alete vya kuandikia, manake katika nyumba ile kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu hakukuwa kwa wanaume peke yao. Na sisi leo bado kuna watu wanauliza binti asome ya nini!

HIRIZI ISIYO YA KARATASI

Mwana Kupona anamwambia binti yake kwamba anampa hirizi aifunge vizuri, na anamtungia kidani cha lulu na marijani. Lakini humo ndani hamna dawa ya mganga wala dhahabu ya sonara. Ni maneno tu. Mgonjwa huyu alijua kwamba mali inakwisha na uzuri unachakaa, lakini binti akijijua yeye ni nani mbele ya Mola wake, hiyo ni kinga inayotembea naye popote.

Anaanza na dini: ashike faradhi, na sunna akiweza asiiache. Kisha adabu na ulimi mzuri. Kisha ukweli. Baada ya hapo ndipo anapotaja radhi tano za kutafutwa: ya Allah, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya mume. Tukiutazama mpangilio huu tutaona kwamba thamani ya Mwana Hashima imewekwa kabla hajaolewa. Haikungoja mume aje nayo.

Utendi nao ulisaidia hirizi hii idumu. Kila mshororo una mizani nane, mishororo minne kwa ubeti, mitatu ya mwanzo inafanana vina na wa nne unarudia kina kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Utungo wa namna hii hushikika haraka kichwani. Mwanamke anaweza kuusoma kwa moyo akiwa anachambua mchele au anambembeleza mtoto. Ndio maana wanawake wa Lamu na visiwa vyake waliurithishana, mama kwa binti, hata kabla ya Alice Werner na William Hichens kuutoa katika kitabu mwaka 1934.

TUSEME KWELI

Najua baadhi ya kina dada, hasa wenzangu wa chuoni, hawaupendi utendi huu. Sehemu kubwa inaeleza jinsi ya kumtumikia mume: kumkanda, kumpepea, kutomwamsha akilala, kumtunza kama mtoto mdogo asiyejua kusema, kutotoka bila ya idhini yake. Kuna wanaume wanaoshika beti hizo peke yake na kuzifanya fimbo. Pia utendi unamwonya binti asichanganyike na watumwa ila kwa kazi. Utumwa ulikuwepo katika jamii ile, na nyumba ya mtawala iliishi juu ya jasho la watu wengine. Hatuna haja ya kulificha hilo wala kulitetea.

Lakini tusisome nusu. Mwana Kupona anaeleza pia alivyoishi na Bwana Mataka: kwa furaha na kicheko, bila ya kuvunjiana heshima, na mumewe alipofikiwa na mauti alirudia kumwambia kwamba yuko radhi naye. Hiyo ni ndoa ya watu wawili wanaothaminiana. Mwanamume anayetaka mke wa utendi huu ajiulize kwanza kama yeye ni mume wa utendi huu. Na Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba mbora wetu ni yule aliye mbora kwa ahli zake.

Na tazama anavyomalizia. Anajiita mtu mpweke mwenye huzuni na madhambi, anamuomba Mola amsamehe. Halafu anaweka jina lake, jina la babake, mji aliozaliwa na mwaka aliotunga. Anawaita wanawake wote wasome na wafahamu maana. Mtu anayejidharau hafanyi hivyo. Alikuwa mnyenyekevu kwa Mola wake, na wakati huo huo alijua kwamba alichonacho kinafaa kusomwa. Unyenyekevu na kujithamini havigombani, dada yangu.

TIBA YA MTU MZIMA

Katika utendi kuna dua ndefu. Anawaombea watoto wake, ndugu zake na Waislamu wote, na anajiombea afueni. Miaka michache baadaye alifariki. Jina lake lenyewe ni Kupona, lakini mwili wake haukupona. Je, tuseme dua haikujibiwa?

Mimi naona alipona upande mwingine. Kuna maradhi ya mwili, kuna maradhi ya moyo, na kuna yale ya kukaa kimya ukijiona huna maana. Uislamu unatibu yote pamoja. Tunasoma Qur'an na kuomba dua, tunatumia asali na habasoda, tunapiga hijama kwa mwenye ujuzi, na tunakwenda hospitali, kwani Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu. Hakuna moja linalofuta jingine. Bi Rufaida al-Aslamiya (R.A.) alikuwa na hema la kuwatibu majeruhi hapo Madina, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliagiza Saad bin Muadh (R.A.) apelekwe kwake alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Sasa iweje sisi tuone aibu kumpeleka mama kwa daktari?

Na kuhusu funga, Allah (S.W.T.) katika Surat al-Baqara amempa ruhusa mgonjwa afungue na alipe siku nyingine, na asiyeweza kabisa atoe fidia ya kulisha maskini. Hiyo ni rehma. Mja akipewa zawadi na Mola wake haikatai kwa kuogopa majirani. Mjamzito na anayenyonyesha nao waulize masheikh na madaktari wao mapema, wasingoje kuanguka jikoni.

TUFANYE NINI?

Kwa kina mama: semeni. Mwana Kupona alisema, na heshima yake ipo mpaka leo, zaidi ya miaka 160 baadaye.

Kwa kina baba na kaka zetu: ulizeni. Mama akisema yuko sawa, muulizeni mara ya pili. Na futari isiwe kazi ya mtu mmoja. Vijana wa kiume mnaotoka msikitini baada ya Alasiri, karai la sambusa halitawauma.

Kwa sisi mabinti: tuchukue kalamu. Keti na mama yako au nyanya yako usiku mmoja baada ya Tarawehe, umuulize ana wasia gani, uandike. Nilifanya hivyo na shangazi. Mwanzo alicheka, akasema yeye hana la kuandikwa. Tulimaliza kurasa 11 kabla ya daku.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona binti Mshamu, awaponye wagonjwa wetu wote, wanaosema na wanaoficha, na atukubalie funga zetu. Amin.

Ramadhan Kareem. Wabillahi tawfiq.