Michelangelo, Mkubwa wa Kazi katika Kanisa la Mtakatifu Petro

Katika yubile ya parokia twawataja kwa heshima wale walioweka msingi na wale walioezeka. Yafaa pia tumkumbuke mtu aliyepokea kazi ya wengine, akaiongoza miaka 17 pasipo mshahara, akafa pasipo kuiona imekwisha.

Michelangelo Buonarroti alizaliwa Caprese, katika inchi ya Toskana huko Italia, tarehe 6 ya mwezi wa tatu, mwaka 1475. Sifa yake ilitoka kwanza katika kuchonga mawe na kupaka picha. Sanamu ya Bikira Maria akimpakata Mwanawe aliyeondolewa msalabani aliichonga angali kijana. Picha za dari ya kapela ya Sistina alizimaliza mwaka 1512. Lakini mzigo wa uzee wake ulikuwa mwingine: kuongoza mafundi, kukagua ujenzi na kulinda mali ya Eklezia.

Kanisa la kale la Mtakatifu Petro mjini Roma, lililojengwa zamani za Kaisari Konstantino, lilikuwa limechakaa. Mwaka 1506 Papa Yulio II aliweka jiwe la msingi la kanisa jipya, na fundi mkuu alikuwa Bramante. Bramante alikufa, wakafuata wengine, na mipango ikabadilishwa mara nyingi. Miaka 40 ikapita, feza nyingi ikatumika, na kuba, yaani paa kubwa la mviringo juu ya altare, lilikuwa halijaanzwa.

Mwaka 1547 Papa Paulo III akamkabizi Michelangelo kazi hiyo. Alikuwa na miaka 71. Hakuitamani, lakini alitii. Mshahara aliukataa, kwa maana alitaka kumtumikia Mungu kwa ajili ya wokovu wa roho yake.

Alianza kwa kubomoa. Antonio da Sangallo, aliyemtangulia, alikuwa ameanza kuta za nje zilizozuia mwangaza. Michelangelo akaamuru ziondolewe, akaupunguza mpango wote. Hivyo kanisa likapata nuru, na gharama ikapungua. Wafuasi wa Sangallo wakamchukia, lakini hakurudi nyuma. Chokaa isiyofaa aliikataa, akawakemea wale walioipokea, akiwaonya kwamba zawadi huharibu haki. Alikuwa na sababu: chokaa mbaya haionekani siku ya kulipa, bali siku ukuta unapopasuka.

Mwaka 1557 jaribu kubwa likampata. Kwa ajili ya uzee hakuweza kufika kila siku mahali pa kazi. Kulikuwa na tao moja lililodai viunzi vingi vya mbao vya kulishikilia wakati wa kujenga, maana mviringo wake ulibadilika toka safu hata safu. Kapita akatumia kiunzi cha namna moja tu. Kosa lilipojulikana, mawe mengi yalikuwa yamekwisha kupangwa. Ikawa lazima kuyabomoa. Mzee aliona haya sana, wala hakumwachia kapita peke yake lawama.

Mtawala wa Florence alimwita mara nyingi arudi kwao apumzike. Hakukubali, kwa kuwa aliogopa kwamba akiondoka kazi itaharibika. Alitumika chini ya Mapapa watano. Naye akijua kwamba siku zake ni chache, akaagiza mfano wa kuba utengenezwe kwa mbao, ukamalizika mwaka 1561, ili watakaomfuata wasipapase gizani.

Alifariki Roma tarehe 18 ya mwezi wa pili, mwaka 1564, mwenye miaka 88. Ukuta wa mviringo wa kubeba kuba ulikuwa karibu kwisha. Giacomo della Porta na Domenico Fontana walilijenga kuba kati ya mwaka 1588 na 1590, wakiligeuza umbo kidogo. Papa Urbano VIII alilibariki kanisa mwaka 1626, miaka 120 baada ya jiwe la msingi.

Anayesimamia ujenzi wa nyumba ya Mungu si mwenye nyumba. Huipokea kazi, huilinda mali ya waamini, huwaachia wenzake njia iliyo wazi, kisha huondoka. Mungu awajalie pumziko la milele wajenzi wote, wenye sifa na wasiotajwa, nasi atupe moyo wa kuendeleza tulichokipokea mikononi mwao.