Kippie Moeketsi: Mwalimu wa saksafoni aliyerudi nyumbani

WAPENZI wa muziki wa dansi hapa Juba wakisikia neno jazz hukumbuka magitaa. Hukumbuka OK Jazz ya Franco kule Kinshasa, Morogoro Jazz ya Tanzania, au Rejaf Jazz ya hapa hapa kwetu. Lakini leo, msomaji mpenzi, nakuletea habari za mtu aliyepuliza saksafoni, ule ambao wenzetu wa Dar es Salaam huuita mdomo wa bata. Huyo ni marehemu Kippie Moeketsi wa Afrika Kusini.

Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanatugusa sisi tuliorudi kutoka ukimbizini, na wale wanaoishi kwa kuvuka mipaka kila wiki. Wanafunzi wake wengi waliondoka nchini wakapata sifa duniani. Yeye aliondoka mara moja, akarudi, na akalipa gharama ya kurudi.

Jina lake kamili ni Jeremiah Morolong Moeketsi. Alizaliwa Johannesburg tarehe 27 Julai 1925, katika familia kubwa yenye wanamuziki. Kaka yake Jacob alikuwa mpiga piano. Kippie hakusoma chuo chochote cha muziki, kwani milango ya vyuo hivyo haikuwa wazi kwa kijana Mwafrika wa mitaa ile. Alianza na klarineti akiwa na umri wa miaka kama 20, akajifunza mwenyewe kwa kukesha na chombo chake, kisha akahamia saksafoni.

Ikumbukwe kuwa mwaka 1948 serikali ya Makaburu iliingia madarakani na kuanza kuufanya ubaguzi wa rangi kuwa sheria. Mwafrika alitakiwa kutembea na pasi mfukoni, na mwanamuziki aliyetoka kazini usiku wa manane aliweza kukamatwa na polisi njiani. Msomaji uliyewahi kusimama kwenye vizuizi vya barabarani na karatasi mkononi unaelewa ninachosema.

Katika mazingira hayo Kippie alipiga na Harlem Swingsters, kisha na Shantytown Sextet pamoja na mpuliza saksafoni Mackay Davashe. Alisikiliza kwa makini santuri za Mmarekani Charlie Parker, akachanganya ufundi ule mgumu na midundo ya kwao. Wenzake wakaanza kumfananisha na Parker mwenyewe.

Sifa yake kubwa kwangu, hata hivyo, ni ualimu. Hakuwa na darasa wala ubao. Alifundisha mazoezini na jukwaani, na alikuwa mkali. Kijana aliyepiga ovyo aliambiwa pale pale. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni mpiga tarumbeta Hugh Masekela, mpiga tromboni Jonas Gwangwa, na mpiga piano Dollar Brand, ambaye baadaye alisilimu na kuitwa Abdullah Ibrahim. Hawa watatu walikuja kujulikana dunia nzima, na wote walimtaja Kippie kuwa ndiye aliyewafumbua macho.

Mwaka 1959 waliungana naye katika bendi ya Jazz Epistles. Kippie alikuwa na miaka 34 na Masekela 20 tu. Waliorekodi santuri hiyo pamoja nao ni Johnny Gertze kwenye besi na Makaya Ntshoko kwenye ngoma. Santuri yao ya Jazz Epistle Verse One, iliyotoka mwaka 1960, inahesabiwa kuwa santuri ndefu ya kwanza ya jazz kurekodiwa na bendi ya Waafrika nchini humo. Nakala zilizotolewa zilikuwa chache mno.

Ndani yake Kippie aliweka tungo zake. Mmoja, Blues for Hughie, una jina la mwanafunzi wake Masekela. Mwingine ni Scullery Department, yaani sehemu ya kuoshea vyombo. Jina hilo lilitokana na aibu waliyofanyiwa wanamuziki weusi: waliwaburudisha wazungu ukumbini, lakini wakati wa kula walipelekwa jikoni. Hauna maneno, ila aliyekuwepo alijua unasema nini.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliua watu 69 huko Sharpeville. Serikali ikatangaza hali ya hatari na mikusanyiko ikabanwa. Bendi ikavunjika. Masekela aliondoka mwaka huo huo, Gwangwa akafuata mwaka 1961, na Dollar Brand akaenda Uswisi mwaka 1962.

Kippie naye alifika London mwaka 1961 na kundi la mchezo wa King Kong, uliotungiwa muziki na Todd Matshikiza. Wengi wa kundi hilo walibaki Uingereza. Kwa Kippie, London haikuwa na heri. Aliugua, akalazwa hospitali ya magonjwa ya akili na kutibiwa kwa shoti za umeme. Kisha akarudi Johannesburg.

Huko alikuta nyumba iliyohamwa. Wenzake hawakuwepo, kumbi zilikuwa zimebanwa, na pombe ikamkamata. Kwa miaka kadhaa ya muongo ule saksafoni yake ilinyamaza. Katika miaka ya 1970 aliinuka tena, akarekodi na Dollar Brand aliporudi kwa muda, na mwaka 1975 akashiriki santuri ya Tshona! ya mpiga piano Pat Matshikiza. Alifariki tarehe 27 Aprili 1983 akiwa na miaka 57, maskini. Miaka 4 baadaye ukumbi wa jazz uliofunguliwa Newtown, Johannesburg, ulipewa jina la Kippies. Ukumbi huo ulifungwa mwaka 2005, lakini sanamu yake ya shaba ikaja kusimamishwa hapo.

Masekela alirudi nyumbani mwaka 1990, baada ya miaka 30. Alipokelewa kwa shangwe, na alistahili. Mwalimu wake hakuwepo kumpokea.

Hapa ndipo ninapotaka tujiulize. Sisi tuliokimbilia Kakuma, Kampala au Khartoum tulirudi na lugha, vyeti na ufundi. Kila mmoja wetu ana mtu aliyebaki: fundi cherehani, mwalimu wa kwaya, mpiga ngoma wa kijijini. Wengi wao ndio waliotufundisha hatua ya kwanza. Kippie alipewa ukumbi na sanamu akiwa kaburini. Wa kwetu walio hai tuwapelekee vijana wawafundishe, na ada yao tuwalipe sasa.