Sir Gerald Portal, Mpatanishi Aliyerudi Mikono Mitupu

Katika habari za misioni za Ziwa Victoria, ambalo maji yake yafika hata kwetu Suguti, limo jina la Sir Gerald Portal, aliyewapatanisha Maaskofu Hirth na Tucker huko Buganda mwaka 1893. Lakini kabla ya hapo alitumwa kutafuta amani mahali pengine, akashindwa. Na habari hiyo yafaa ikumbukwe.

Portal alizaliwa Uingereza mwaka 1858, akawa mtumishi wa serikali yake huko Kairo. Mwaka 1884 Waingereza walifanya mapatano na Yohannes wa Nne, Mfalme wa Uhabeshi, kwamba mali zake zipite bila ushuru katika bandari ya Massawa, na nchi ya mpakani iliyoachwa na Wamisri iwe yake. Lakini mwaka 1885 Waitalia waliishika Massawa, wala Waingereza hawakuwazuia. Kisha wakapanda bara mpaka Saati. Januari 1887 Ras Alula, liwali wa Mfalme, akawashambulia huko Dogali, wakafa zaidi ya 400.

Italia ikafanya tayari jeshi la kulipiza kisasi. Ndipo Portal, katika Oktoba 1887, alipotumwa na barua ya Malkia Victoria. Ras Alula alimzuia Asmara siku nyingi, lakini hakukata tamaa. Akavuka milima, akamfikia Mfalme mwezi wa Desemba.

Mfalme alimpokea kwa heshima. Lakini masharti yalikuwa kwamba Wahabeshi waombe radhi, na Saati iwe ya Waitalia. Mfalme akakataa, akimkumbusha Malkia kwamba Uingereza ndiyo iliyompa nchi ile, nayo sasa inamtaka aiache. Portal akarudi Massawa mikono mitupu. Mwaka 1889 Yohannes aliuawa vitani na watu wa Mahdi, na Waitalia wakaitwaa Asmara.

Portal alikufa London Januari 1894, umri wake miaka 35. Hakukosa ushujaa wala bidii. Lakini alipewa neno la upande mmoja, na waliomtuma walikuwa wamekwisha kuivunja ahadi yao. Basi, walimu na wazee wa kanisa, mwitwapo kuamua magomvi ya mashamba au ya ng'ombe, ulizeni kwanza ni ahadi gani iliyovunjwa, na nani aliyeivunja.