Dokta Roux na ugonjwa wa koo uliokuwa unamaliza watoto

Familia nyingi za Aru zinajua usiku wa namna hii. Papa yuko Durba ao Mongbwalu, anatafuta dhahabu. Mama amebaki na mutoto wa miaka miwili. Katikati ya usiku mutoto anaamka, anakohoa kama imbwa inabweka, sauti imekauka, na kila akivuta pumzi koo inalia. Wafaransa wanaita ugonjwa huo croup. Leo tunawaletea maisha ya muntu aliyepigana nao: Dokta Émile Roux.

Alizaliwa 1853 huko Confolens, mji mdogo wa Ufaransa. Baba yake alikufa Émile akiwa angali kijana. Alisomea udokta Clermont-Ferrand, na 1878 akaanza kazi kwa Louis Pasteur, Paris. Huko njo alijifunza kufuatilia vijidudu vya magonjwa, akasaidia pia kutengeneza chanjo ya kichaa cha imbwa.

Wakati ule croup iliyoua sana ilitokana na difteria, yaani dondakoo. Utando wa kijivu unafunika koo mpaka mutoto anakosa pumzi. Madokta walitoboa shingo na kuingiza mrija, lakini wengi walikufa tu. Mwaka 1888 Roux na mwenzake Alexandre Yersin wakaonyesha sababu: kijidudu kinabaki kooni, lakini sumu yake inatembea mwilini mote. Mwaka 1890, Berlin, Behring na Kitasato wakaona kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ile inaweza kuizuia.

Ilibaki kupata dawa ya kutosha watoto wengi. Roux akachagua farasi, juu ni mnyama mkubwa, anavumilia sumu, na anatoa damu nyingi. Kuanzia Februari 1894 alipiga watoto sindano ya serumu katika hospitali ya Enfants-Malades, Paris. Mbele ya hapo, nusu ya wagonjwa wa difteria walikuwa wanakufa pale. Sasa kati ya watoto 448, walikufa 109, karibu robo. Miezi ile ile, katika hospitali ya Trousseau ambako serumu haikutumiwa, walikufa 316 kati ya 520. Septemba alieleza hesabu hizo kwenye mkutano wa madokta Budapest. Wasomaji wa gazeti Le Figaro wakachanga franka ili serumu itengenezwe kwa wingi.

Roux hakuoa, hakutafuta mali. Alikuwa mkubwa wa Institut Pasteur tangu 1904 mpaka kifo chake 1933, na aliishi katika chumba kidogo tu. Ni chini ya uongozi wake, 1923, Gaston Ramon alipata njia ya kuilainisha sumu ya difteria ikawa chanjo.

Chanjo hiyo njo iko ndani ya pentavalente ambayo watoto wetu wanapewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Tunaohama kila mara kufuata dhahabu tunasahau kirahisi. Basi karatasi ya chanjo isafiri pamoja na mama, na dozi iliyokosekana tuiombe kwenye kituo cha afya cha karibu.

Siku hizi croup nyingi inatokana na virusi vya mafua, na mara nyingi inapona. Wamama, mkalishe mutoto wima mapajani, mtulize, juu kulia kunazidi kufunga koo. Msiingize kidole wala kijiko kooni. Lakini koo ikilia hata akiwa ametulia, mbavu zikiingia ndani, midomo ikigeuka bluu, mate yakimtoka ao akishindwa kunywa, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku ule ule. Kuna dawa ya kupunguza uvimbe wa koo, na dozi moja tu mara nyingi inatosha. Watoto wa wakati wa Roux hawakuwa na bahati hiyo.