Dian Fossey: Aliacha kazi ya hospitali akiwa na miaka 34, akaenda kuishi na masokwe

Kuna watu wana ajira nzuri kabisa. Mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, lakini akili haiko kazini, iko porini. Wanatamani kazi ya kulinda wanyama na misitu, ila wanajiona wamechelewa: hawakuisomea, umri umesogea na madeni yapo.

Dian Fossey alikuwa mmoja wao. Leo jina lake halitengani na masokwe wa milimani, wale wakubwa tunaowaita gorila, wa Rwanda, Congo na Uganda. Lakini hadi anafikisha miaka 31 hakuwa amemwona hata mmoja msituni.

Alikwamia kwenye kemia na fizikia

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 San Francisco, Marekani. Wazazi wake waliachana akiwa mdogo, mama akaolewa tena. Baba wa kambo alitaka binti asomee biashara, na kweli ndiko alikoanzia.

Haikumkaa. Alipenda wanyama, hasa farasi, hivyo akahamia masomo ya kumwandaa kuwa daktari wa mifugo. Huko akagonga mwamba: kemia na fizikia zilimshinda. Ndoto ya kutibu wanyama ikaishia hapo.

Akabadilisha tena. Mwaka 1954 alihitimu masomo ya kuwasaidia watu wenye ulemavu kumudu shughuli zao za kila siku, akapata kazi katika hospitali ya watoto mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Aliwafundisha watoto kula, kuvaa na kushika vitu wenyewe. Ni kazi ya uvumilivu. Mtoto mwingine haongei, mwingine hataki kuguswa, na wewe unasubiri hadi akuamini.

Aliifanya kwa miaka kadhaa, na aliiweza.

Mkopo wa benki kwa ajili ya safari

Mwaka 1963 alifanya jambo ambalo ndugu wengi wangelipinga. Alichukua mkopo wa benki wa kulipa kwa miaka mitatu, akaja Afrika Mashariki kutalii. Alipita Kenya na Tanganyika, akaiona Ngorongoro, akafika Olduvai, ambako Louis na Mary Leakey walikuwa wakichimbua mabaki ya binadamu wa kale.

Olduvai alijiaibisha. Aliteleza, akaumia kifundo cha mguu, na kwa maumivu akatapika juu ya mabaki ya twiga wa kale yaliyokuwa yamechimbuliwa. Mtu mwingine angerudi hotelini akapumzike. Yeye aliendelea na safari hadi Congo, akapanda mlima Mikeno na mguu wake mbovu, na huko Kabara akawaona masokwe kwa mara ya kwanza.

Halafu pesa ikaisha. Akarudi Louisville, akaendelea na kazi hospitalini huku akilipa deni. Lakini hakukaa kimya, aliandika makala kuhusu safari ile kwenye gazeti la mji wake.

Makala hizo ndizo zilizofungua mlango. Mwaka 1966 Leakey alifika Louisville kutoa mhadhara. Dian akamfuata na makala zake mkononi. Leakey alikuwa anatafuta mtu wa kuwafuatilia masokwe kwa muda mrefu, kama Jane Goodall alivyokuwa akiwafuatilia sokwe mtu kule Gombe, Kigoma. Hakujali kwamba Dian hana shahada ya fani hiyo. Alitaka mtu mwenye subira na asiyekata tamaa.

Leakey akamwambia akatolewe kwanza kidole tumbo, maana mlimani hakuna daktari. Dian akafanyiwa upasuaji. Baadaye Leakey akamwandikia kwamba haikuwa lazima, alikuwa anampima tu kama yuko tayari. Alikuwa tayari. Akaacha kazi, akaondoka.

Miezi sita, kisha akafukuzwa

Kabla ya kuanza alipita Gombe kwa muda mfupi kuona kambi ya Goodall inavyoendeshwa. Januari 1967 akaweka hema lake Kabara. Mwalimu wake wa kwanza hakuwa profesa, alikuwa Sanwekwe, Mkongo mzoefu wa kufuata nyayo ambaye alishafanya kazi na watafiti waliotangulia. Ndiye aliyemfundisha kusoma msitu: jani lililovunjika, kinyesi kibichi, njia iliyopitwa asubuhi ile.

Julai mwaka huohuo, vurugu za kisiasa zikiwa zimepamba moto mashariki mwa Congo, askari walimshusha mlimani na kumweka kizuizini Rumangabo. Akatoroka kwa kisingizio cha kwenda kushughulikia usajili wa gari lake, akavuka mpaka kuingia Uganda.

Hapo ndipo wengi wangesema basi. Kazi ameijaribu, imeshindikana, arudi kwao. Yeye alivuka kwenda Rwanda, upande wa pili wa milima ileile. Tarehe 24 Septemba 1967 alianzisha kambi kati ya milima miwili, Karisimbi na Visoke. Akayaunganisha majina hayo, kambi ikaitwa Karisoke.

Kujifunza kutoka mwanzo

Kambi ilikuwa mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua, tope, baridi na upupu. Masokwe walimkimbia.

Mbinu yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusubiri. Hakuwasogelea akiwa amesimama. Alitambaa, akajifanya anatafuna majani kama wao, akaiga sauti zao za kuridhika. Aliwatofautisha kwa mikunjo ya pua, kila mmoja ana ya kwake. Wengine aliwapa majina ya Kiswahili, lugha aliyoitumia na wafanyakazi wake kambini: Rafiki, Macho, Kweli.

Mwaka 1970 dume kijana aliyemwita Peanuts alinyoosha mkono na kumgusa. Baada ya miaka ya kukimbiwa, mnyama mwenyewe ndiye aliyesogea. Shahada nayo ikaja: yule aliyekwama kwenye kemia alipata udaktari wa falsafa kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge.

Wenyeji walimwita Nyiramacibiri, jina linaloelezwa kuwa na maana ya mwanamke anayeishi peke yake mlimani.

Kifo cha Digit

Kati ya masokwe wote, aliyemgusa zaidi alikuwa Digit, aliyemfahamu tangu mdogo. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili walimuua kwa mikuki alipokuwa akiikinga familia yake. Walimkata kichwa na mikono. Miezi michache baadaye, mwaka 1978, wakauawa dume kiongozi Uncle Bert na jike Macho. Mtoto wao Kweli alijeruhiwa, naye hakupona.

Tangu hapo Dian hakuwa tena mtafiti tu. Alianzisha Mfuko wa Digit kuchangisha fedha, akalipa vikosi vya kutegua mitego ya nyaya. Mitego mingi iliwekwa kwa ajili ya swala na nyati, lakini sokwe akinasa mkono, jeraha linaoza na anakufa.

Upande wenye ukakasi

Hapa lazima tuseme ukweli, maana maisha ya Dian hayakuwa ya malaika. Aliwapiga na kuwadhalilisha majangili waliokamatwa. Alikamata ng'ombe wa wafugaji walioingia hifadhini, na wengine akawapiga risasi. Aligombana na maofisa wa serikali na hata watafiti wenzake. Utalii wa masokwe aliupinga.

Rwanda ni nchi ndogo yenye watu wengi, na sehemu ya hifadhi ilishakatwa miaka ya 1960 ili walime pareto. Mkulima anayeishi ukingoni mwa msitu alikuwa na njaa na hana shamba la kutosha. Uvumilivu ule Dian aliompa mtoto wa Louisville, kisha akampa sokwe, majirani zake hawakuupata kwa kiwango kilekile.

Wengine walichukua njia tofauti. Mwaka 1979 ulianza mradi wa kuunganisha ulinzi, elimu kwa wananchi na utalii unaosimamiwa. Hoja yake ilikuwa rahisi: msitu ukimwingizia mwananchi hela, ataulinda mwenyewe.

Usiku wa Desemba

Mwaka 1983 Dian alitoa kitabu chake, Gorillas in the Mist, kilichokuja kuwa filamu mwaka 1988. Filamu hakuiona. Desemba 1985, siku moja baada ya Krismasi, aliuawa kwa panga ndani ya kibanda chake Karisoke. Alikuwa na miaka 53.

Mahakama ya Rwanda ilimtia hatiani mtafiti mmoja Mmarekani bila yeye kuwepo, naye alikana. Hadi leo wengi hawaamini kwamba ukweli wote umejulikana. Dian alizikwa pale pale kambini, pembeni ya Digit.

Kazi aliyoiacha

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 masokwe wa milima ya Virunga walikuwa karibu 250 tu. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 iliwakuta zaidi ya 600, na ukijumlisha wa Bwindi, Uganda, jumla ilivuka 1,000. Mwaka huohuo waliondolewa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, wakawekwa daraja moja nyuma. Bado wako hatarini, lakini wanaongezeka.

Kilichowaokoa ni njia zote mbili: ulinzi wa kila siku alioupigania Dian na utalii alioukataa. Leo watalii wanalipia kibali cha kuwaona masokwe Rwanda, na sehemu ya mapato ya hifadhi inakwenda kwa vijiji jirani. Wanaofuata nyayo, wanaotibu wanyama, wanaoongoza wageni na wanaofanya utafiti sasa wengi ni Wanyarwanda wenyewe.

Na kuna jambo moja la kukumbuka. Mwaka uleule wa 1963 Dian alipokuja na mkopo wake, Chuo cha Mweka kilifunguliwa chini ya Kilimanjaro kuwafundisha Waafrika usimamizi wa wanyamapori. Njia ya kuingia kwenye kazi hii ipo, na iko karibu kuliko ilivyokuwa kwake.

Kwa hiyo kama una miaka 30 na kitu, una kazi nyingine na moyo uko msituni, historia ya Dian inasema hujachelewa. Alichojifunza wodini ndicho alichokwenda kukitumia mlimani. Ila kabla hujafunga begi jiulize na hili: wale watu wanaoishi ukingoni mwa huo msitu, una subira nao pia?