JACKIE ROBINSON: DOGO ALIYEVUNJA REKODI YA KAKA YAKE CHUONI

Wadau, wengi tunamjua Jackie Robinson kwa jambo moja tu: tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani katika karne ya 20. Mimi leo nataka tuongelee enzi zake za chuo, kwani naona mambo yote yalianzia kwa kaka mtu.

Jackie alizaliwa Georgia mwaka 1919. Baba aliitelekeza familia, mama yao Mallie akawabeba watoto watano kwa treni mpaka Pasadena, California, akawalea kwa kazi za ndani kwenye nyumba za wazungu. Kaka yake Mack alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye riadha. Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 alishika nafasi ya pili mita 200, nyuma ya Jesse Owens kwa sekunde 0.4 tu. Medali ya fedha hiyo, si mchezo!

Sasa sikieni. Mack akaenda Chuo Kikuu cha Oregon, akaacha ili asaidie nyumbani. Pasadena wakampa kazi gani? Kufagia barabara usiku. Jamaa alikuwa anafagia huku kavaa jaketi lake la timu ya Olimpiki.

Dogo alikuwa anamjua vizuri kaka yake, na bado akafuata nyayo zile zile. Alijiunga na Pasadena Junior College, chuo alichopita Mack. Tarehe 7 Mei 1938 alishindana kuruka chini (ule mchezo wa kutua mchangani), akafika mita 7.78, rekodi ya kaka mtu kwisha habari yake. Hakukaa kusherehekea. Siku hiyo hiyo akakimbizwa kwa gari hadi Glendale, akaichezea timu ya chuo besiboli na wakashinda.

Mwaka 1939 akaenda UCLA. Vyuo vilivyomtaka vilikuwa vingi, ila alichagua cha karibu ili kaka mwingine, Frank, shabiki wake namba moja, awe anakuja kumwona. Mwezi Mei mwaka huo huo Frank akafa kwa ajali ya pikipiki. Jackie alikuwa hajaichezea UCLA hata mechi moja.

Akacheza hivyo hivyo. Akawa mwanafunzi wa kwanza UCLA kuwakilisha chuo kwenye michezo minne: futiboli ya Kimarekani, kikapu, riadha na besiboli. 1940 akawa bingwa wa vyuo vya Marekani katika kuruka chini. Kichekesho ni kwamba besiboli ndiyo aliyoboronga, msimu ule wastani wake wa kupiga ulikuwa .097, yaani hata mara moja katika kumi haifiki!

Mwaka 1941 akaacha chuo bila digrii, ingawa mama hakutaka. Aliona shahada haitamsaidia mtu mweusi kupata kazi ya maana. Wapo wanaomlaumu, mimi simo. Ushahidi ulikuwa umelala nyumbani kwao mchana, umechoka kufagia.

Jeshini, mwaka 1944, aligoma kuhamia nyuma ya basi huko Texas, akapelekwa mahakama ya kijeshi, akashinda. Ya Dodgers mnayajua.

Ila hili wengi hawalijui. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa anahangaikia nauli za ndege za vijana wa Kenya waliopata nafasi vyuo vya Marekani, Robinson, yule yule aliyeacha chuo, aliungana na Harry Belafonte na Sidney Poitier kuwaomba Wamarekani wachange. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakapaa.

Alifariki tarehe 24 Oktoba 1972, akiwa na miaka 53. Mwanawe David alihamia Tanzania miaka ya 1980, akaanzisha shamba la kahawa Mbozi. Wadau wa Mbozi mpo? Tupeni habari za huko.