Padri Guido Haazen na Watoto Waimbaji wa Kamina

Katika mji wa Goma, kwenye mtaa wa Mabanga ambao jina lake kwa Lingala lina maana ya mawe, Mkristu akisikia ngoma kanisani siku ya Dominika hashangai. Watoto wa kwaya husimama mbele, mwongozi huinua mkono, na sifa za Mungu huimbwa kwa mdundo ambao hata bibi mzee anaujua tangu utoto wake. Mkatekumeni aliyekuja juzi hudhani kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu Injili ilipofika Kongo. La, sivyo. Mababu zake waliobatizwa kwanza waliambiwa katika misioni nyingi kwamba ngoma ni chombo cha kipagani, waiache mlangoni pamoja na hirizi. Ndani ya kanisa walijifunza nyimbo za Ulaya, zikisindikizwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Waliimba vizuri, wakamsifu Mungu kweli. Lakini sauti ya nyumbani kwao ilibaki nje.

Miongoni mwa watu walioifungulia sauti hiyo mlango alikuwa Padri Guido Haazen wa shirika la Mtakatifu Fransisko. Alizaliwa mwaka 1921 huko Antwerp, mji wa bandari katika Ubelgiji. Mwezi wa Septemba 1953 alifika Kamina, katika nchi ya Katanga, kuwa mkuu wa shule ya misioni.

Kamina ni mji wa makutano ya reli. Njia moja yaenda kusini kwenye migodi ya shaba, nyingine yaelekea Kasai. Kwa hiyo watu wengi walikusanyika pale kutafuta kazi: Waluba wa Katanga, Waluba wa Kasai, na wengine. Kila jamaa ilikuja na nyimbo zake. Jioni, kazi zikiisha, nyimbo hizo zilisikika: za kubembeleza mtoto, za kumlilia marehemu, za kucheza chini ya mwezi.

Padri mgeni angeweza kufunga dirisha. Wengi walilifunga, si kwa ubaya, bali kwa sababu hawakufundishwa kusikiliza. Padri Haazen alisikiliza. Aliona kwamba watoto wale wale ambao darasani walihangaika na noti za Ulaya, nje waliimba kwa sauti mbili au tatu zilizopatana bila kufundishwa na mtu. Mmoja alianza, wengine wakampokea. Basi mwaka 1954 alianzisha kwaya: wavulana kama 45 wenye umri wa miaka 9 hadi 14, na pamoja nao walimu 15 wa shule ile ile, ambao walishika sauti nene na ngoma. Kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule kwaya iliitwa Watrubaduri wa Mfalme Baudouin. Jina hilo lilikuwa la kigeni kabisa, na watoto walioitwa hivyo walikuwa wa Kamina kabisa.

Watu wasiojua hudhani kuongoza kwaya ya watoto ni kazi nyepesi. Sauti ya mtoto ikilazimishwa hupasuka. Ikiachwa ovyo hugeuka kelele. Mtoto apenda kuwashinda wenzake kwa ukubwa wa sauti, naye apaswa kujifunza kwamba kwaya ni watu wengi wanaosikilizana. Tena sauti ya mvulana haikai. Ikifika miaka kumi na mitatu au kumi na minne yavunjika, na yule aliyekuwa nguzo ya sauti ya juu ahamia chini, au anyamaza kwa miezi. Mwongozi hupoteza waimbaji wake bora kila mwaka, akaanza tena na wadogo.

Baada ya miaka michache lilikuja jambo kubwa zaidi: Misa yenyewe. Wakati huo Misa ilisomwa kwa Kilatini duniani kote, na hakuna aliyethubutu kubadili maneno. Lakini maneno ni jambo moja, na tuni ni jambo lingine. Papa Pio wa Kumi na Mbili, katika barua yake juu ya muziki mtakatifu ya Desemba 1955, alikuwa ameshawahimiza wamisionari wasidharau upendo wa mataifa kwa nyimbo, bali wautumie kwa ajili ya dini. Hivyo Padri Haazen na kwaya yake walichukua maneno ya Kilatini kama yalivyo, wakayatia katika nyimbo za nchi. Kazi hiyo haikuandikwa kwanza juu ya karatasi. Walijaribu pamoja, mwimbaji mmoja akitoa mstari, kundi likimjibu, sauti zikitafutana mpaka zikapatana. Mwimbaji mkuu alikuwa Joachim Ngoi, mwalimu wa shule ile. Misa hiyo ikaitwa Missa Luba.

Wakatekumeni wanaojifunza sehemu za Misa wafahamu jinsi kila moja ilivyopata wimbo wake. Kyrie ni sehemu ya kumwomba Bwana huruma. Waimbaji waliiimba kwa mtindo wa kasala. Kwa Waluba kasala ni utenzi wa kuwataja wakubwa na kuwalilia waliokufa. Mwenye kuuimba humwita mtu kwa majina yake na ya wazee wake, na wasikilizaji hutokwa na machozi. Ni nani basi aombaye huruma vizuri kuliko mwenye kilio? Kwa Sanctus, sehemu ya kumtangaza Mungu Mtakatifu kabla ya mageuzo, walichukua mtindo wa wimbo wa kuagana. Hosana ikafuata kwa mdundo wa ngoma ya Kasai, ya furaha na ya haraka, kama ya watu wanaompokea mfalme njiani. Na Agnus Dei, ya Mwanakondoo wa Mungu, ilitoka katika wimbo wa Bena Lulua.

Lakini mahali pazito kuliko pote ni katika Credo, yaani Nasadiki. Mkatekumeni aijua sala hiyo vema, maana huikariri kabla ya Ubatizo, na tangu zamani Kanisa humkabidhi kama urithi. Inapofikia kusulubiwa kwake Kristu na kuzikwa, waimbaji wa Kamina walifuata desturi ya kutangaza kifo kijijini, ambapo ngoma hupeleka habari kutoka mji hadi mji. Katika nchi yao mtu mwema akifa hatangazwi kimya kimya. Basi na Bwana alitangazwa hivyo, kama mtu wa jamaa aliyefariki, nao wakamlilia.

Missa Luba iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Mtakatifu Bavo huko Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Miezi michache baadaye watoto walisafiri kwenda Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na nyimbo zao zikatiwa katika sahani za santuri.

Mwaka huo katika Bruxelles yalikuwako maonyesho makubwa ya mataifa yote, na kwaya ya Kamina iliimba huko. Katika maonyesho hayo hayo Wabelgiji walikuwa wamejenga kijiji cha vibanda, wakaweka ndani yake Wakongo, wanaume, wanawake na watoto, ili wageni wawatazame kutoka nyuma ya ua. Baadhi ya watazamaji waliwadhihaki, wakiwarushia ndizi kama watu walishavyo wanyama. Wakongo wale walikataa fedheha hiyo, wakarudi kwao kabla maonyesho hayajaisha. Haifai kuficha habari hii kwa sababu ya uzuri wa nyimbo. Nchi moja, mwaka mmoja, iliwapigia makofi watoto wa Kongo na kuwacheka ndugu zao.

Liko na jambo jingine ambalo watu wameliuliza tangu siku hizo. Kitabu cha muziki wa Missa Luba kilipochapwa Marekani, jina lililoandikwa juu yake kama mpangaji lilikuwa la Padri Haazen. Ni kweli kwamba bila yeye kwaya isingekuwako. Lakini nyimbo zilitoka kwa Waluba na jirani zao, na zilitungwa upya kwa vinywa vya walimu na wavulana ambao, ukimtoa Joachim Ngoi, wengi wa wasikilizaji hawajui hata jina la mmoja wao. Padri alijua kusikiliza, na hiyo ni sifa yake kubwa. Anayesikilizwa naye ana haki yake. Watu wa haki wamtajao Haazen hufanya vema kuwataja na waimbaji wa Kamina.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Uhuru wa Kongo ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ilijitenga, vita vikafuata katika nchi ya Waluba. Wavulana wa mwaka 1954 walikuwa sasa vijana wenye sauti nene, kila mmoja akitafuta njia yake katika miaka ya shida. Padri alirudi Ubelgiji.

Misa yao haikukoma. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia, ikiagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi inayofaa katika ibada. Mwaka uliofuata Mwitalia Pasolini alitoa filamu juu ya Injili ya Mathayo, na ndani yake mwasikika Gloria ya Kamina. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire, yaani Kongo, yenye maombi ya watakatifu na mababu wema, na ngoma mahali pake. Mwaka 1990 kwaya ya Muungano kutoka Kenya, chini ya mwongozi Boniface Mganga, iliirekodi tena Missa Luba.

Padri Guido Haazen alifariki mwaka 2004. Sahani ya mwaka 1958 ingali yasikilizwa: kwanza sauti ya Joachim Ngoi peke yake, kisha watoto wanampokea, kisha ngoma.